Kimkia, boksi moja, maboksi mawili au saundikadi: uchague kipi kwa hedifoni zako ukiwa Mtwara

Kijana mmoja wa Chuno alinijia Shangani na hedifoni za Beyerdynamic DT 770 Pro, zile za omu 250 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), alizoletewa na shemeji yake kutoka Dar. Alikuwa amezichomeka kwenye simu akapata sauti ya mbali, kama redio ya jirani, basi akaamini shemeji kauziwa feki. Tukazichomeka kwenye amplifaya yangu ya mezani. Alizivua baada ya nusu dakika, akaniangalia, akauliza, "Kaka, hiki kidude shilingi ngapi?"

Bei nilimwambia, lakini bei ndiyo iliyokuwa swali la mwisho kwa umuhimu. Vitu vya kumtoa pale alipokwama viko vya namna nne, na kila kimoja kina mtu wake.

Kwanza tuelewane maneno. DAC ni sehemu inayogeuza tarakimu za faili la muziki kuwa mawimbi ya umeme. Amplifaya inayapa mawimbi hayo nguvu ya kusukuma hedifoni. Simu na laptopu zina vyote viwili ndani, vidogo vidogo. Ukinunua cha pembeni unanunua nguvu zaidi, utulivu zaidi, au vyote.

Vinavyoshindana ni hivi. Kimkia, jina nililokipa mwenyewe, ni kile kiwaya kifupi chenye USB-C upande mmoja na tundu la milimita 3.5 upande wa pili. Cha Apple kwao Marekani kinauzwa dola 9. Boksi moja ni DAC na amplifaya katika kasha moja la mezani, mfano FiiO K7 au iFi Zen DAC. Maboksi mawili ni DAC kivyake na amplifaya kivyake, moja limekaa juu ya jingine, kama Modi na Magni za Schiit au Atom za JDS Labs. Saundikadi ni ile ya studio, kama Focusrite Scarlett 2i2, yenye matundu ya maiki na tundu la hedifoni.

Nimevipima kwa mambo matano: nguvu, umeme na adapta, kelele, chumvi na joto, kisha kazi unayoifanya. Nimeanza na nguvu kwa sababu bila hiyo mengine hayana maana, ila kinachoua vifaa hivi huku kwetu ni hilo la pili.

## Nguvu

Soma namba mbili kwenye boksi la hedifoni zako: omu, na desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa miliwati moja. DT 770 Pro za omu 250 zinatoa desibeli 96 kwa miliwati 1. Kwenye omu 250, miliwati 1 ni nusu volti tu. Kimkia cha Apple cha soko la Marekani kinatoa karibu volti 1, yaani nguvu mara nne, kwa hiyo unafika desibeli 102. Cha soko la Ulaya kinatoa karibu nusu yake, na unabaki kwenye 96. Kwa nje vinafanana kama mayai. Angalia namba ya modeli: A2049 ndicho cha Marekani, A2155 ndicho cha Ulaya.

Desibeli 102 ni kelele nyingi, ila hicho ni kilele. Muziki una kupanda na kushuka. Bongo Fleva na singeli hurekodiwa zimebanwa juu, hivyo kimkia kinazitosha hata kwenye omu 250. Rekodi ya zamani ya taarab, au okestra, wastani wake unaweza kuwa chini ya kilele kwa desibeli 15 hadi 20, na hapo utajikuta umefungua sauti yote na bado unainamisha kichwa kusikiliza. Ukitaka kufika 110 bila mkwaruzo, hedifoni hizo zinadai volti 2.5. Boksi moja la mezani linazitoa bila kutoka jasho, na maboksi mawili vivyo hivyo. Saundikadi inayokula umeme wa USB peke yake iko katikati: Audio-Technica ATH-M50x za omu 38 au Sony MDR-7506 za omu 63 inazimudu vizuri, ila ukiipa Sennheiser HD 600 za omu 300 utaisukuma mpaka mwisho wa nobu.

Kwa simu za Android kuna jambo linalowachanganya wengi. Kimkia cha Apple kwenye simu nyingi za Android hutoa sauti ndogo kuliko kinavyotoa kwenye laptopu, kwa sababu simu haikifungulii sauti yake ya ndani yote. Kijaribu kwenye laptopu kabla hujakitupa.

Hedifoni za omu chache zina lao. Ukinzani wa tundu la amplifaya usizidi sehemu moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni, la sivyo besi ya baadhi ya hedifoni inavimba au inapungua. Vimkia vizuri na maboksi ya mezani ya siku hizi hukaa chini ya omu 1 au 2, kwa hiyo hapo hakuna mashaka. Saundikadi, hasa za zamani, nyingine hupanda sana. Tafuta namba hiyo kabla ya kununua.

## Umeme na adapta

Hapa nitakaa kidogo, maana pameniuma.

Adapta ziko za aina mbili. Ya kwanza ni nyepesi, na upande wa kuingilia imeandikwa 100–240V. Hiyo ichomeke popote, Mtwara, Lindi au Marekani, haijali. Ya pili ni nzito, ndani yake mna transfoma, na inakubali volti za aina moja tu. Amplifaya nyingi za kundi la maboksi mawili, Magni na Atom zikiwemo, hutumia hii ya pili, tena inayotoa AC badala ya DC. Kampuni zenyewe huuza ya 115V na ya 230V, mnunuzi achague.

Mimi maboksi yangu niliyapata mkononi, yameshatumika. Muuzaji aliyafunga kwa uangalifu na adapta yake humo. Niliishika, nzito kama tofali dogo, nikaufurahia ule uzito nikidhani ndio ubora. Sikusoma ubavuni. Palikuwa na 120V~60Hz. Nikatafuta kile kidude cha kugeuza pini bapa, nikachomeka kwenye soketi yetu ya 230V, nikaketi kusikiliza. Haukupita muda nikasikia harufu kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya nailoni. Transfoma ya 120 ikipewa 230 inajaa kupita kiasi, inapata joto kali, mpaka fyuzi ya joto iliyomo ndani inakatika. Amplifaya ilipona, adapta ikafia pale pale.

Nikaenda kwa fundi redio karibu na soko. Ana ndoo nzima ya adapta. Akachakura, akatoa moja iliyokuwa ya printa.

"Mjomba, volti kumi na sita hii hapa."

Tukachomeka. Taa ikawaka, muziki ukatoka umechanika. Fundi akazima, akafungua skrubu nne, akainamia bodi na lenzi yake kwa muda mrefu huku chai inapoa.

"Mjomba, hii inataka AC. Ziko diodi mbili hapa mlangoni. Moja inatengeneza chanya, moja hasi. Ukiipa DC umelisha mtoto mmoja, pacha wake analala njaa."

Alikuwa sahihi, na sijasikia mtu akilieleza vizuri kuliko hivyo. Kwa macho utaitambua hivi: kiwimbi (~) kando ya volti za kutokea ni AC, mstari wenye vidoti chini yake ni DC. Madukani kwetu DC zimejaa, za ruta, za ving'amuzi, za laptopu. Adapta ya AC inayochomekwa kwenye 230V nilitafutiwa Kariakoo wiki tatu, ikaja kwa basi.

Sasa linganisha. Kimkia hakina adapta, kinakula kwenye simu, na umeme ukikatika kinaendelea. Saundikadi ya USB ni hivyo hivyo, laptopu ikiwa na chaji unamaliza kazi yako gizani. Boksi moja linategemea: Zen DAC hukubali umeme wa USB au adapta ya DC ya volti 5, kwa hiyo hata pawabenki inaliwasha, K7 linatumia DC ya volti 12, adapta ambayo fundi yeyote anayo ndooni. Kagua tu kwamba ampea zinatosha na chanya iko katikati ya pini kama kifaa kinavyotaka. Maboksi mawili ndiyo yenye mahitaji magumu zaidi. Lakini tuyatendee haki: kikiharibika kimoja unabaki na kingine, na boksi moja likifa DAC yake, amplifaya nayo inakwenda jalalani, isipokuwa boksi lako liwe na tundu la kuingizia sauti kwa nyuma.

Vya mezani vyote vichomeke kwenye ekstensheni yenye kinga ya umeme unaoruka, na mvua za radi zikianza uchomoe. Kimkia hakina habari na haya yote.

## Mvumo, mchakacho na feni

Mvumo wa "mmmm" unaopanda ukichomeka chaji ya laptopu hautokani na ubovu wa DAC. Mara nyingi ni vifaa viwili vinavyokutana kwenye waya wa ethi (ule unaokwenda ardhini) kwa njia mbili tofauti, au nyumba ambayo ethi yake ni pini tu, nyuma hakuna waya. Chomoa chaji, acha laptopu kwenye betri. Mvumo ukifa, umempata mwizi. Vichomeke vyote kwenye ekstensheni moja, na kama ukigusa laptopu unahisi ganzi ya umeme vidoleni, mwite fundi umeme aikague ethi kabla hujawaza muziki.

Kimkia kwenye simu hakiwezi kupata tatizo hili. Saundikadi na boksi moja vinaweza, kupitia laptopu. Maboksi mawili yana nafasi nyingi zaidi za kulipata, maana yana waya nyingi zaidi na mara nyingine adapta mbili.

Kuhusu zile namba za kelele ambazo watu hugombania, desibeli 100 dhidi ya 120 chini ya muziki, fanya hesabu. Ukisikiliza kwa desibeli 85, kelele iliyo chini kwa 100 iko kwenye hasi 15, na sikio zima la binadamu linaanzia karibu na sifuri. Halafu kumbuka uko Mtwara, mwezi wa Desemba, feni iko namba tatu juu ya kichwa chako. Na hedifoni za kasha wazi kama HD 600 zinaiingiza feni hiyo yote ndani. Za kufunika kama DT 770 zinaizuia, ila masikio yatatoka jasho.

Ubaguzi ni ierifoni ndogo zenye usikivu mkubwa. Hizo kwenye amplifaya yenye nguvu hutoa "shhh" kama tairi linalovuja. Weka swichi ya geini (kiasi amplifaya inachokuza sauti) chini. Swichi hiyo inasaidia pia tatizo la sikio moja kusikia zaidi ya jingine: nobu za bei nafuu hazilingani kushoto na kulia zikiwa mwanzoni kabisa, na geini ya chini inakuwezesha kuifungua nobu zaidi. Kwa ierifoni, kimkia hushinda maboksi makubwa mengi, na sioni aibu kulisema.

## Chumvi na joto

Ukikaa Shangani au kule Mikindani, kusi likianza kuvuma unaiona chumvi kwenye kioo cha dirisha. Inaingia kwenye matundu ya hedifoni na ya RCA pia, yale ya kuunganishia maboksi. Nobu inaanza kuchakacha, sauti ya upande mmoja inakatika ukigusa pini. Dawa ni spreyi ya kusafishia kontakti na kuzungusha nobu mara ishirini. Maboksi mawili yana viungo vingi vya kula chumvi, lakini mengi ni ya skrubu na hufunguka. Kimkia hakitengenezeki, waya ukikatika shingoni, nunua kingine. Saundikadi ina matundu makubwa ya maiki yanayokusanya vumbi, ifunike kwa kitambaa usiku. Ikiwa imezimwa tu, maana kifaa kinachowaka kinataka kupumua.

## Kazi

Ukirekodi sauti, mjadala umekwisha kabla haujaanza: ni saundikadi pekee yenye mlango wa maiki ya studio. Ukisikiliza tu, milango hiyo unailipia bure. Laptopu za Windows 10 toka toleo la mwaka 2017 zinavitambua vifaa vya kisasa vya USB bila kuongeza programu. Za Windows 7 zitakudai upakue, na bando ni lako.

## Kabla hujaamini masikio yako

Kifaa kinachopiga juu zaidi hata kwa desibeli 1 sikio litasema ni kizuri zaidi. Kwa hiyo usilinganishe kabla hujasawazisha. Pakua faili la mlio wa hertzi 60, washa mita ya fundi kwenye volti za AC, gusa ncha na shina la pini kwa kila kifaa, rekebisha mpaka tofauti iwe chini ya asilimia 1. Hertzi 60 kwa sababu mita za bei nafuu husema kweli karibu na masafa ya umeme wa nyumbani na hupotea kwenye 1,000.

Nilifanya hivyo kati ya kimkia na maboksi yangu mawili, kwa hedifoni za omu 38. Mpwa wangu alikaa nyuma ya kanga iliyotundikwa kwenye kamba, anarusha sarafu, anabadili waya, anaandika kwenye daftari la hesabu. Mimi nataja ni kipi. Raundi 16. Kukisia tu kunakupa 8, na inabidi upate 12 ndipo tuseme pengine unasikia kitu. Nilikuwa na uhakika nitapata zote. Nilipata 9. Mpwa alicheka mpaka akaangusha daftari.

Tukarudia na DT 770 za yule kijana, kwa rekodi ya taarab yenye sauti ya chini, safari hii bila kusawazisha, kila kifaa mpaka mwisho wake wa kawaida. Hapo hapakuhitaji daftari. Kimkia kilikuwa kimeishiwa.

## Unasimama wapi?

Una ierifoni, au hedifoni chini ya omu 80, na muziki wako uko kwenye simu: kimkia. Fedha inayobaki iongeze kwenye hedifoni zenyewe, utasikia tofauti kubwa zaidi.

Una meza, laptopu, na hedifoni za omu 250 au 300, nawe hupendi waya nyingi: boksi moja. Kama umeme wa mtaani kwako unacheza, tanguliza linalokubali volti 5 za USB.

Unapenda kubadilisha vifaa, una fundi unayemwamini, na utakaa na hedifoni za omu nyingi miaka mingi: maboksi mawili. Agiza 230V kwa maandishi, wala usitegemee muuzaji atakisia uko wapi. Ukiwasha, anza na DAC, kisha amplifaya nobu ikiwa chini, hedifoni zije mwisho. Kuzima geuza mpangilio. Nguvu hizi zinaumiza: Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na maboksi haya yanapita hapo nobu ikiwa imefunguliwa kidogo tu.

Unarekodi kaswida, matangazo au video za harusi na unasikiliza baadaye hapo hapo: saundikadi, na uchague hedifoni za omu 30 hadi 80 ziendane nayo. Ukishapata za omu 300, ichomekee amplifaya kwa nyuma. Saundikadi itakuwa DAC yako, huna haja ya kununua nyingine.

Yule kijana wa Chuno bado hajanunua boksi. Anasikiliza singeli kwa kimkia na hedifoni zake za omu 250, anasubiri malipo ya korosho za babu yake. Nimemwambia jambo moja tu: mzigo ukifika stendi, asisaini kitu wala asilipe chochote kabla hajaitoa adapta na kuisoma ubavuni.